Chagua Geti Kwanza, Chumba Baadaye

Msikilizaji wa Handeni na Korogwe, familia zetu zikipanga kwenda kuona wanyama katika hifadhi ya Mkomazi au Saadani, hesabu ya kwanza huwa bei ya chumba. Hesabu hiyo inapotosha. Wanyama wengi hutembea alfajiri na jioni. Jua likishakuwa kali hujificha kivulini. Kutoka Korogwe mjini hadi Same, lilipo geti la Zange la kuingilia Mkomazi, ni zaidi ya kilomita 100. Anayelala Korogwe kwa kufuata gesti rahisi, kisha akaondoka baada ya chai, atafika wanyama wamekwisha kupumzika, na kiingilio amelipa kilekile. Chumba cha bei ndogo kimekuwa ghali.

Wapo watakaosema malazi ya karibu na hifadhi ni ya wageni wenye dola. Loji za namna hiyo zipo, kweli, lakini Same mjini kuna gesti za kawaida kama zetu, na Saadani shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, lina mabanda na maeneo ya kupiga kambi. Wengine watauliza kwa nini fedha zisibaki kwetu. Zibaki, tena kwa haki: anayekwenda msitu wa Amani, ambao sehemu yake imo wilayani Korogwe, ana sababu nzuri ya kulala hapa. Basi kabla hujatuma pesa ya chumba, piga simu uulize saa ngapi utafika getini, na barabara ikoje. Masika, udongo wa Saadani hunasa magari.