MAZUNGUMZO: LESENI YA FUNDI BOMBA NI AMANA



Kazi ya fundi bomba hufukiwa ardhini na ukutani. Mwenye nyumba huufungua mfereji, akayaona maji yanatoka, akalipa ujira. Yaliyomo ndani ya ukuta huyaachia uaminifu wa fundi. Ndiyo sababu nchi nyingi hazimruhusu mtu kuifanya kazi hii bila ya leseni.

Mfano ulio wazi ni wa Hong Kong. Kwa mujibu wa sheria ya maji ya huko, uungaji wa mabomba ya maji ni dhamana ya fundi mwenye leseni. Leseni hiyo hutolewa na mamlaka ya maji, na mwombaji hana budi kuthibitisha kuwa amefuzu mafunzo yanayotambuliwa.

Pamoja na masharti hayo, mwezi wa Julai 2015 maji ya mtaa wa nyumba za serikali wa Kai Ching yaligunduliwa kuwa na madini ya risasi yaliyozidi mikrogramu 10 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Uchunguzi ulipoendelea, mitaa 11 ilionekana kuathirika. Tume iliyotoa ripoti yake mwaka 2016 ilithibitisha kuwa chanzo kilikuwa lehemu yenye risasi iliyoungia mabomba ya shaba. Risasi ndani ya maji haionekani, hainuki wala haina ladha, na madhara yake makubwa humfika mtoto mdogo, kwani huharibu ukuaji wa ubongo.

Inafaa izingatiwe kwamba leseni ilikuwapo. Kilichokosekana ni jicho la usimamizi: kila mhusika alimtegemea mwenziwe. Ndipo sheria iliporekebishwa mwaka 2018, ikabainisha ni nani anayeruhusiwa kushika kazi hiyo, na kwamba asiye na leseni wala usajili aifanye chini ya maelekezo na usimamizi wa fundi aliyeidhinishwa.

Funzo hilo linavihusu pia Visiwa hivi. Bomba linalovuja karibu na shimo la karo, maji yakatikapo, huweza kufyonza uchafu na kuupeleka jikoni maji yarudipo. Kijana anayeitaka kazi hii na aanzie kwenye mafunzo ya amali, apate cheti, kisha afanye kazi chini ya fundi mzoefu mpaka mkono wake uaminike. Mwenye nyumba naye, kabla ya kuagana bei, aulize cheti cha fundi na aina ya lehemu, na aukague uungaji kabla ya ukuta kupigwa lipu.

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi ya maji, ufa huo huenda ukawa tayari umo ndani ya ukuta, na hauonekani mpaka mtoto augue.