Hospitali Kwanza

Msikilizaji, Sheria ya Kulinda Watu Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani tunayo hapa Kenya tangu 2015. Lakini mama aliyepigwa usiku kule Mutomo au Kibwezi hakimbilii sheria. Hukimbilia kwa jirani. Ndiyo maana chama cha akina mama, kanisa, mhudumu wa afya ya jamii na chifu wakishikana, mengi hubadilika.

Sasa tuangalie upande wa pili. Wazee huhofia kesi itavunja boma, na hofu hiyo ina uzito. Ila aliyebakwa ana saa 72 tu za kuanza dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi. Kikao cha wazee cha kusuluhisha kinaweza kuzimaliza zote. Nasema wazi: hospitali na polisi kwanza.

Nambari ya msaada dhidi ya ukatili, 1195, hupigwa bila malipo. Je, mama aliyepigwa akibisha kwako usiku wa leo, utampeleka wapi?