Kadi ya mzazi mgonjwa, deni la nani?
Kwa ndugu zetu mlioko Marekani: mzazi anapougua, mara nyingi mtoto huongezwa kwenye kadi yake ya mkopo ili anunue dawa na chakula. Deni likilimbikizana, wakusanyaji madeni humpigia simu huyo mtoto. Wapo wanaolipa kwa hofu tu, na hilo linauma. Kwa kawaida, aliyeruhusiwa tu kutumia kadi hawajibiki. Anayewajibika ni mwenye akaunti, au aliyesaini naye mkataba. Sheria ya mwaka 1977 inawakataza wakusanyaji hao kudanganya. Mzazi akifariki, deni hudaiwa kwenye mirathi yake, na kadi isiguswe tena, hata kwa mazishi. Kabla ya kulipa chochote, iulizeni benki, kwa maandishi: jina langu limeandikwa kama nani?