Nywele Timutimu: Maelezo Juu ya Neno Moja



Neno la leo ni timutimu, ambalo wengi hulitamka timtim. Ni sifa ya nywele zilizosimama huku na huku, hazikuchanwa wala hazikusukwa, kama za mtu aliyeamshwa usiku akaitwa mlangoni. Husemwa pia kwamba nywele zimemtimka. Kitenzi hicho hutumika kwingine: vumbi hutimka barabarani, na mtu aliyekimbia husemwa ametimua mbio. Katika hayo yote mna kitu kilichotoka mahali pake, nacho chaweza kutulia tena.

Kwa sarufi neno hili halina taabu. Halichukui kiambishi cha ngeli, kama safi na hodari yasivyochukua. Husemwa nywele timutimu, au nywele za timutimu. Na wengine husema matimutimu.

Kosa liko katika maana, nalo si dogo. Wako watu, hata walimu, wanaomtazama mtoto mwenye nywele za kipilipili wakamwambia kwamba ana nywele timutimu. Kipilipili ni namna ya nywele, yaani zile fupi zilizojiviringa kama punje za pilipili manga. Mtu huzaliwa nazo, kama mwingine azaliwavyo na nywele za singa, zilizonyoka. Timutimu ni hali tu. Nywele za singa zikipigwa na upepo huwa timutimu. Na za kipilipili zikipitishwa chanuo na kutiwa mafuta si timutimu tena, ingawa hazikunyoka hata kidogo. Mtoto aliyejichana asubuhi, kisha akaitwa kwa neno hili mbele ya wenzake, amelaumiwa kwa uvivu asiokuwa nao, na huenda akazichukia nywele zake bure.

Wanawake walijua jambo hili bila kufundishwa. Bibi aliyefumua misuko yake Jumamosi, akimngoja msusi, kichwa chake ni timutimu kweli, na mwenyewe atacheka akisema hivyo. Jumapili amekwisha sukwa upya. Nywele ni zile zile, neno limeondoka. (Wanaume hawana udhuru huo, maana kinyozi yu karibu.)

Vivyo hivyo katika tangazo la mtu aliyepotea. Kuandika "ana nywele timutimu" hakusaidii, kwa kuwa akipata chanuo njiani hatatambulikana. Huandikwa kipilipili, au singa.