Vinu vya Upepo Juu ya Mapaa ya Nyumba na Madhara Yake

Matini ya mazungumzo kwa masheha, mafundi wa ujenzi na wananchi



Tarehe 10 Disemba 2009 umeme ulizimika Unguja nzima, na haukurejea mpaka mwezi wa Machi 2010. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Mei 2008, kisiwa kilikuwa kimekwisha kukaa gizani kwa muda wa karibu mwezi mzima. Waya mpya wa chini ya bahari ulianza kazi mwaka 2013, lakini kumbukumbu ya siku zile za maji ya ndoo na jenereta zikinguruma vichochoroni haijafutika. Si ajabu, basi, mwenye nyumba kujiuliza kama upepo unaopita juu ya bati lake usiku kucha hauwezi kumpatia umeme wake mwenyewe. Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba upepo upo, ila paa la nyumba ni pahala pabaya pa kuutegea.

Ieleweke kwanza kwamba nguvu ya upepo haipandi sawa na mwendo wake. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu iliyomo huzidi mara nane. Na mwendo ukipungua kwa nusu, nguvu hubaki sehemu moja tu katika nane. Hapo ndipo mnunuzi anapoponzeka. Kinu kilichoandikwa kilowati 1 aghalabu hutoa kilowati hiyo katika upepo wa mita 12 kwa sekunde, na huo ni upepo wa kumfanya nahodha afikirie kupunguza tanga. Mwendo ukishuka hadi mita 6, hubaki wati 125. Ukishuka hadi mita 3, ni wati 16 tu, nazo ni kama mapanga yatakuwa bado yanazunguka, kwani vinu vingi haviamki kabla ya mita 3 au 4. Tarakimu iliyopigwa chapa kwenye sanduku, kwa hiyo, haimwambii mwananchi atakachokipata nyumbani kwake.

Nahodha huyo huyo anajua jambo la pili bila ya kufundishwa. Chombo kikiwa nje, Kusi hulijaza tanga na kulishika. Kikisogea chini ya majengo ya bandarini, tanga hulegea, mara likapigwa upande huu, mara upande wa pili. Upepo ni ule ule, lakini umekwisha kuvurugwa na kuta. Ukigonga ukuta hupanda, hukatika kwenye ukingo wa paa, kisha hujizungusha nyuma yake. Kinu kilichofungwa juu ya paa kwa mlingoti wa mita mbili au tatu kimewekwa katikati ya msukosuko huo. Hukaa kikigeuza uso kuutafuta upepo, na kabla hakijatulia upepo umekwisha kuhama. Kila mgeuko ni umeme uliopotea, na ni uchovu kwa mapanga na beringi zake.

Katika Mji Mkongwe, ambako nyumba zimebanana na mapaa yanapishana kwa kimo, hakuna upande ambao upepo unafika ukiwa mzima. Huko mashamba hali haiwi bora sana, kwani mnazi na muembe huipita nyumba kwa urefu. Kanuni wanayoifuata mafundi wa kazi hii ni kwamba ncha ya chini ya mapanga iwe juu ya kila kizuizi kwa mita 9 au zaidi, kwa vizuizi vyote vilivyomo ndani ya mita 150. Apimaye nyumba yake kwa kanuni hii ataona kwamba anahitaji mlingoti mrefu kuliko nyumba yenyewe.

Nchi iliyolijaribu jambo hili kwa wingi ni Uingereza, ambako vinu vya kufunga ukutani viliuzwa madukani kama bidhaa za kawaida. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2008 vinu 26 vilivyofungwa juu ya majengo vilipimwa kwa muda wa mwaka, katika majaribio yaliyojulikana kwa jina la Warwick Wind Trials, na ripoti yake ikatolewa mwaka 2009. Kwa wastani, ukihesabu na siku vilipokuwa vimezimwa, kila kinu kilitoa watisaa 214 kwa siku. Hiyo ni taa moja ya wati 9 kuwaka usiku na mchana, basi. Vile vilivyokuwa juu ya majengo marefu, palipokuwa na upepo wa kutosha, vilizimwa kwa sehemu kubwa ya majaribio kwa sababu wakaazi walilalamikia kelele.

Malalamiko hayo yasichukuliwe kuwa ni deko. Kinu kinapozunguka hutikisika, na mtikisiko huo hushuka kwa mlingoti, ukaingia ukutani na kuenea chumba hadi chumba. Anayelala chini yake huusikia kama mvumo usiokatika, na jirani mliyeshirikiana naye ukuta huusikia vile vile, ingawa yeye hakununua kinu wala hapati taa.

Kwa nyumba za hapa suala la kuta ni zito zaidi. Nyumba kongwe za mji zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko ambazo nyingine zimekwisha kuliwa na unyevu. Kuta hizo zilikusudiwa kubeba uzito unaoshuka chini. Hazikukusudiwa kuvutwa kwa pembeni na mlingoti, tena kwa kuchezeshwa usiku kucha. Bolti iliyopigwa ndani ya chokaa kongwe hulegea pole pole; tundu hupanuka, maji ya masika huingia. Beit el Ajaib iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Hapakuwa na kinu chochote pale. Lakini tangu siku hiyo hakuna fundi awezaye kusema kwamba ukuta wa zamani utastahamili lolote utakalofungiwa. Nyumba za matofali na bati nazo zina lao: kenchi za mbao nyepesi hazikupigiwa hesabu ya mzigo wa namna hii.

Wako wanaodhani kwamba kinu kikiunganishwa na umeme wa kawaida kitawaokoa siku umeme ukikatika. Sivyo. Inveta ya kuunganisha na gridi hutengenezwa ijizime yenyewe pale gridi inapozimika, ili isimuue fundi aliye juu ya nguzo. Atakaye mwanga siku hiyo ni lazima awe na betri na swichi ya kuitenga nyumba. Kuchomeka kinu moja kwa moja kwenye waya za nyumba bila ya mtengo huo ni kuhatarisha roho ya mtu.

Jua halina matata hayo. Paneli za kilowati 1 hapa Visiwani huweza kutoa kilowatisaa 3 hadi 4 kwa siku ya kawaida, hazina kitu kinachozunguka, na jirani hazisikii. Kwa anayeutaka upepo hasa, uwanja wazi wa pwani ya mashariki, upande wa Paje na Jambiani ambako wageni huchezea tiara baharini, unafaa zaidi, kwa mlingoti mrefu uliosimama juu ya ardhi na unaotumiwa na nyumba kadhaa, baada ya upepo kupimwa pale pale kwa mwaka mzima, Kusi na Kaskazi, pamoja na ule utulivu wa baina yao.

Mwananchi anayekusudia kufunga kinu juu ya nyumba anaombwa amuone sheha wake na ofisi ya vibali vya ujenzi kabla ya kutoboa ukuta, na azungumze na jirani anayeshirikiana naye ukuta huo. Aliyekwisha kufunga akaguliwe bolti na mlingoti na fundi kabla ya Kusi kuanza, kwani chumvi ya bahari hula chuma kwa ndani. Kikionekana kutu au ufa unaotoka kwenye tundu la bolti, kinu kifungwe breki na kiteremshwe siku ya shwari, pasiwe na mtu kichochoroni chini yake.