Iliki Ikiisha Jikoni

Birmingham ni mji wenye historia ya kubuni vibadala. Mwaka 1837 mkemia wake, Alfred Bird, alitengeneza kastadi isiyo na mayai kwa sababu mkewe alikuwa akidhurika akila mayai. Mwaka 1843 akaja na bekingi pauda, maana hata hamira haikupatana na mama huyo.

Leo, katika mtaa wa Acocks Green mjini humo, mpishi wa mahamri aliyeishiwa iliki hana haja ya kuzima jiko. Badala ya kijiko kimoja cha chai cha iliki ya unga, atie nusu kijiko cha mdalasini na nusu cha kungumanga. Ladha itabadilika, lakini mahamri yatanukia.

Na kungumanga ikikosekana? Basibasi hushika nafasi yake kwa kipimo kilekile, kwani vyote hutoka katika tunda moja: kungumanga ni mbegu, basibasi ni utando mwekundu unaoizunguka.

Karafuu ni kali. Palipotakiwa kijiko cha mdalasini, robo kijiko cha karafuu ya unga kinatosha.

Maduka ya Uingereza huuza pia mchanganyiko wa viungo vya keki, ambao kwa kawaida huwa na mdalasini, kungumanga na karafuu. Huo waweza kutumika badala ya mdalasini bila kubadili kipimo.