Serengeti, na Bibi Ndani ya Gari

Hotuba iliyotolewa kwenye sherehe ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, Stockholm

  

Mwenyekiti ameniomba niseme jinsi ya kupanga safari ya mbugani kwa familia nzima, tena safari ya kifahari. Mimi nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku. Kwa hiyo mkisikia habari za ufahari kutoka kwangu, jueni zimepigiwa hesabu hadi krona ya mwisho.

Jambo hili lilianzia shuleni. Mwanangu wa kati alikuwa na miaka 9. Mwenzake darasani alirudi kutoka Serengeti na wazazi wake, Waswidi, akaleta picha za simba na twiga. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, akamgeukia mwanangu: wewe ndiko kwenu, tuambie kukoje. Mtoto akajibu kwamba kwao kuna nyumba ya Bibi, kuna hospitali, na kuna makaburi. Hakuwa anatania. Tulikuwa tumekwenda nyumbani mara tatu tangu azaliwe: misiba miwili, na safari moja ya kumpeleka mama yangu kufanyiwa upasuaji wa macho. Hiyo ndiyo Tanzania tuliyokuwa tumemwonyesha.

Usiku ule mimi na baba watoto tukakubaliana: baada ya mwaka na nusu tutakwenda, na hatutakwenda kuzika.

Sasa niseme lile ambalo wengi mnalijua ila halisemwi kwenye mikutano. Ukitaja nyumbani kwamba unakwenda kulipa dola ili uangalie wanyama, kuna mtu atakukumbusha ada ya mtoto wake. Mdogo wangu alinipigia simu: "Dada, nyumbu wamekuwa ndugu kuliko sisi?" Niliumia, kwa sababu hakukosea sana. Wengine hufanya safari kimyakimya, wakasema wako Arusha kikazi, halafu picha zinafika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kabla wao hawajafika. Mimi sikuficha. Nilimwambia kiasi chote, nikamwambia na kile nilichokwisha kutenga kwa ajili ya ada. Kisha nikamwambia kwamba mama yetu anakwenda na sisi. Hapo akanyamaza, halafu akauliza kama mama ana koti la baridi.

Mama yangu anaishi kijijini wilaya ya Bunda, miaka zaidi ya 70 sasa. Hifadhi iko pale pale jirani, na hakuwahi kuingia hata siku moja. Tembo anawajua vizuri: ndio waliomaliza shamba lake la mahindi kwa usiku mmoja. Na hilo ndilo lililoamua njia yetu. Kampuni nyingi zitakuanzishia safari Arusha, kwa sababu ndege za wageni hutua Kilimanjaro. Lakini Serengeti ina lango la magharibi, Ndabaka, kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Wewe ambaye watu wako wako Kanda ya Ziwa, kwa nini uvuke nchi nzima ukaingilie upande wa pili? Sisi tulikata tiketi ya kuingilia Dar es Salaam, tukaunganisha ndege ya ndani hadi Mwanza, tukakaa wiki mbili na ndugu, kisha tukaingia Ndabaka na kutokea upande wa Ngorongoro. Ndege ya kurudi Arlanda tulipandia Kilimanjaro. Tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine haikutuzidishia bei kama nilivyoogopa.

Kuhusu wakati: shule za hapa zinafunga katikati ya Juni, na mkuu wa shule hatoi ruhusa kirahisi nje ya likizo. Bahati nzuri, Juni na mwanzo wa Julai ndipo makundi ya nyumbu huwa yakipita upande huo wa magharibi, karibu na mto Grumeti. Hawana kalenda, mvua ndiyo huwaongoza, kwa hiyo usimwahidi mtoto siku. Mwenye likizo ya Februari tu aelekee kusini, Ndutu, nyumbu wanakozalia. Kuvuka mto Mara kunakopigwa picha sana huanza Julai na kuendelea hadi vuli.

Kampuni. Ya kwanza tuliipata mtandaoni, tukatuma malipo ya awali, ikatoweka pamoja na simu zake. Siitaji, na sidhani hata jina lile lilikuwa la kweli. Kabla ya kutuma hata krona moja, omba namba ya leseni ya utalii, ile inayoitwa TALA, na umtume ndugu yako afike ofisini kwao kwa miguu yake. Sisi tuna ndugu kila mji. Mswidi hana neema hiyo. Kampuni ya pili iliniuliza kama nataka mwongozaji wa Kiingereza au wa Kijerumani. Niliandika: Kiswahili. Nadhani hilo ndilo jambo la maana kuliko yote niliyoyaandika kwenye barua zile. Kwa siku nne wanangu walisikia Kiswahili ambacho hakikuwa cha kuwatuma maji wala kuwakemea. Walijifunza kongoni, tandala, korongo, ngiri. Binti yangu wa miaka 14, ambaye nyumbani hunijibu kwa Kiswidi, alibishana na dereva kwa Kiswahili kama yule ni swala tomi au swala granti. Binti ndiye aliyekosea, lakini nilimwacha abishane.

Ufahari sasa. Kambi za kifahari za Serengeti hutoza mamia ya dola kwa mtu mmoja kwa usiku, na zipo zinazopita elfu. Hatukuziweza kwa siku zote. Tulilala kambi ya namna hiyo usiku mmoja, kwa ajili ya mama: kitanda kirefu, maji ya moto, na mtu wa kumsindikiza hadi hemani kwa tochi. Uliza bei ya wakaazi kwa wale wenye pasipoti ya Tanzania; mara nyingi ipo, na mara nyingi hawaitaji usipouliza. Siku nyingine tulilala mahali pa kawaida. Pesa tuliiweka kwenye gari letu peke yetu, kila mtu na dirisha lake, kusimama tunapotaka na kuondoka mtoto wa miaka 4 anapochoka. Puto la hewa tuliliacha. Ni ghali mno, na mtoto mdogo kama wangu hapandishwi.

Pale langoni ndipo familia yetu iligawanyika. Mama, raia, shilingi 10,000 na VAT juu yake, jumla 11,800 kwa siku. Mimi na baba watoto tuna pasipoti za Uswidi, na sheria yetu haina uraia pacha kwa mtu mzima: dola 70 kila mmoja. Watoto wa miaka 5 hadi 15 wageni ni dola 20. Mdogo wangu hakulipa. Pamoja na VAT tulifika dola 212 na senti 40 kwa siku, sisi wanne. Watoto wakaona karatasi. Mwanangu akauliza, "Mama, sisi ni wageni?" Kabla sijajibu, Bibi akamwambia karani, "Hawa wote ni wangu, waandike na mimi." Karani akacheka, akamwamkia shikamoo, na dola akazichukua zote. Si kosa lake. Ila jiandaeni kwa swali lile, maana mimi sikuwa nimejiandaa. Na ukipitia Ngorongoro, hata kama unapita tu, kuna ada nyingine ya dola 60 kwa mtu mzima mgeni, na ukishuka kreta gari hulipiwa dola 250, zote kabla ya VAT.

Afya nitaisema haraka, lakini msiipuuze. Sisi tuliokulia kule hujidanganya kwamba malaria tumeizoea. Kinga ile hupotea ukikaa huku miaka, na watoto waliozaliwa hapa hawakuwahi kuwa nayo. Mwone daktari wiki kadhaa mapema, meza dawa ya kinga hadi mwisho hata baada ya kurudi, na mtu akipata homa hapa Stockholm mwambie daktari mara moja ametoka wapi. Nguo: mbung'o wa upande wa Grumeti hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Kila kitu tulichowanunulia watoto hapa kilikuwa cha bluu.

Kabla ya kuondoka tuliwapeleka watoto Naturhistoriska, pale Frescati. Mwaka 1905 na 1906 Mswidi Yngve Sjöstedt aliongoza msafara wa Kilimanjaro na Meru, na makusanyo yao ya wanyama na wadudu yaliletwa kwenye jumba hilo. Kwa hiyo vitu vya kwetu vilifika Stockholm kabla yetu. Na leo ikiwa sikukuu, nikumbushe kwamba Septemba 1961, miezi mitatu tu kabla ya Uhuru, Mwalimu alitoa tamko pale Arusha la kuahidi kuwatunza wanyama hawa. Si Azimio la Arusha; hilo ni la 1967. Watoto wakubwa waambieni pia kwamba mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishiwa Ngorongoro. Binti yangu aliuliza, na dereva alimjibu vizuri kuliko mimi.

Siku ya pili tulikuta tembo, kundi la majike na watoto. Mama aligeuza uso kwanza. Baadaye akatazama muda mrefu, akasema, "Hawa wameshiba. Wale wetu huja na njaa." Akaanza kuwasimulia wajukuu usiku wa shamba: madebe yaliyopigwa, moto uliowashwa, na jinsi tembo mmoja alivyosimama tu akiendelea kula. Dereva alizima injini asikilize.

Mwezi Septemba mwanangu alipewa dakika tano darasani. Picha za simba alikuwa nazo. Alizungumzia shamba la Bibi.

Karatasi ya hesabu zangu ninayo hapa, imeandikwa kila kitu hadi bakshishi ya dereva. Anayekusudia kwenda Juni ijayo aje mezani kwangu aipige picha, ila aombe likizo kazini kwake sasa hivi, asingoje Januari. Na mnisubiri kwanza nile pilau, nimetoka zamu.